Prosesa haizidi nyuzi 66 lakini nikirenda spidi inaanguka. Joto liko wapi?

Mwanjelwa_Video: Wakuu, habari za kazi. Nipo Mbeya, nahariri video za harusi na sendofu. Mashine ina prosesa ya Ryzen 5 2600 kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya B450 ya bei ya chini. Prosesa nimeipandisha spidi hadi 4.0 GHz kwa volti 1.4. Mwezi uliopita nilitoa ile feni iliyokuja na prosesa nikafunga ya maji, joto likashuka kutoka 84 hadi 66. Nilifurahi sana. Sasa nikirenda, yaani kompyuta ikitengeneza video ya mwisho, dakika kumi na mbili hazipiti spidi imeanguka hadi 1.5 GHz, inarudi, inaanguka tena. Na huku ni Juni, asubuhi napasha vidole kwenye kikombe cha chai kabla ya kushika mausi! Jumamosi kuna bwana harusi anasubiri flashi yake. Nisaidieni.

Fundi_Kihesa: Pole kaka. Prosesa yako haina shida, mazabodi ndiyo inaungua. Fungua kesi, tazama kushoto na juu ya prosesa: kuna vipande vyeusi vya mraba vimejipanga karibu na viboksi vya kijivu. Hizo ni mosfeti. Zinapokea volti 12 za pawa saplai na kuzishusha hadi hizo 1.4. Prosesa ikila wati 120, hapo zinapita ampia zaidi ya 80, kwenye vipande ambavyo vyote vinaenea kiganjani. Feni ya zamani ilikuwa inapuliza kuelekea chini, upepo unazifikia. Ya maji inapeleka joto la prosesa kwenye rejeta, mosfeti zimebaki hazina upepo kabisa. Zikizidiwa, bodi inaipunguzia prosesa spidi ili zisiungue.

Nilishapokea bodi ya namna hiyo hapa Iringa. Rangi yake pale kwenye mosfeti ilikuwa imegeuka kahawia kama ugali ulioshika sufuria, na kapasita moja (kikopo kidogo cha kutunza chaji) imevimba kichwa. Haikupona. Kwa hiyo nakusihi, leo hii shusha volti kabla ya kununua chochote. Matumizi ya umeme hupanda kwa mraba wa volti: kutoka 1.4 hadi 1.25 unapunguza karibu moja ya tano. Jaribu 3.8 GHz.

Uyole_Baridi: Niongezee, mkuu. Baridi ya Mbeya inatudanganya. Tuko mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, feni ile ile inabeba joto kidogo kuliko ikiwa Dar. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayochelewesha maharage kuiva.

Mwanjelwa_Video: Wakuu, Mungu awabariki. Nimeweka 3.8 kwa 1.25, nikachukua feni ya sentimita 8 kwenye kompyuta mbovu, nikaifunga kwa zile kamba za plastiki za waya ielekee kwenye mosfeti. Nimerenda harusi nzima ya saa mbili, spidi haikutikisika. Bodi yangu haina hitisinki pale, kile kipande cha chuma cha kutawanya joto. Nimeona vidogo vya alumini vyenye stika, nichukue?

Fundi_Kihesa: Chukua, ila stika usiiamini. Kesi ikisimama na joto likapanda inaachia, alumini inadondokea kadi ya picha umeme ukiwa unapita. Bandika kwa gundi maalumu inayopitisha joto, laza kesi usiku kucha ikauke, na hiyo feni usiitoe.