Tupeane uzoefu: mgonjwa wa figo na mwasho wa usiku

Baba Watatu:
Wakuu, habari za usiku huu. Wenye wagonjwa wa figo, na nyie wenyewe mnaokwenda mashine, naomba tupeane uzoefu kuhusu kuwashwa. Kila mahali nasoma kusafisha damu, gharama, bima, kupandikiza. Hili la mwasho haligusi mtu, na ndilo linalotumaliza humu ndani. Mke wangu anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mchana anajikuna kidogo, maisha yanaenda. Taa zikizimwa tu, balaa. Mgongo, mapaja, mpaka nyayo. Upele hana, ngozi ilikuwa safi kabisa kabla hajaanza kujiparura. Hivi ninavyoandika niko sebuleni, namsikia chumbani anajikuna na gunzi la muhindi. Watoto wanajua lile gunzi ni la mama, hawathubutu kulitupa. Waliopitia hili mlifanyaje?

Kitumbua Moto:
Gunzi! Umenirudisha mbali mkuu. Marehemu mama yetu alikuwa na kitana cha mbao, kililala chini ya mto wake kila siku.

Dereva wa Usiku:
Nipo hapa nasoma. Baba mkwe wangu yuko hivyohivyo.

Fundi Cherehani:
Mimi ni mgonjwa mwenyewe, presha ndiyo iliyoua figo zangu. Ngoja nieleze, maana watu hudhani kuwashwa ni jambo la kuchekesha.

Mwanzoni zahanati ya mtaani waliniambia ni upele wa kuambukizana. Tukapewa ile dawa nyeupe ya kupaka, nyumba nzima. Watoto wakapakwa, mashuka yakachemshwa, magodoro juani. Binti wa shemeji aliyekuwa anakaa kwetu akafungasha akaenda kwao. Ngozi yangu ikaungua na mwasho ukabaki palepale.

Kazini ikawa mbaya zaidi. Mama mmoja alileta vitenge vya sare ya harusi ya mwanawe, nikamsogelea na futi kumpima, akaona mikono yangu ilivyo na makovu meusi. Akaniuliza, "Fundi, hiyo haiambukizi kweli?" Nikamweleza ni figo. Akasema sawa, akaondoka. Jioni akamtuma kijana kuchukua vitenge vyake.

Mke wangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, kwa hiyo akahamia chumba cha watoto ili apate usingizi. Hatukugombana. Ila kulala peke yako kwa sababu hiyo, acha tu.

Usiku mbaya kuliko yote nilitoka nje nikalala kwenye sakafu ya korido, saruji ilikuwa na ubaridi mzuri. Nikapata nafuu kidogo, kisha mgongo ukalipuka. Nikasimama nikaanza kujisugua kwenye kona ya ukuta, kifua wazi, nahema, gizani. Jirani akasikia vishindo akapiga yowe la mwizi. Watu wametoka na mapanga, wananikuta mimi, damu inachuruzika mgongoni, nalia. Mtu mzima, baba wa watoto.

Asubuhi nimefika mashine nesi akauliza hizi damu za nini. Nikamwambia mbu. Pale wanakuuliza uzito, maji uliyokunywa, presha. Mwasho hawakuulizi, na wewe unaona aibu kulalamikia kujikuna wakati kitanda cha jirani kuna mtu anapumulia oksijeni.

Dereva wa Usiku:
Hiyo ya mwizi 😂😂 Samahani sana mkuu, pole. Lakini mapanga kabisa?

Fundi Cherehani:
Cheka tu ndugu yangu, sasa hivi na mimi nacheka.

Nesi wa Zamu:
Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu. Aliyosema Fundi ni kweli tupu. Kuna utafiti mkubwa wa nchi nyingi ulioonyesha kuwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa mashine wanasumbuliwa na mwasho kuanzia wa wastani hadi mkali sana. Na kati ya wale wenye hali mbaya zaidi, 17 kwa kila 100 hawakuwa wamemwambia mhudumu yeyote. Madaktari wenyewe waliulizwa, wengi wakakadiria idadi chini ya ilivyo. Mwenye mwasho mkali halali, anakosa raha, wengine wanafikia kuona bora waache mashine. Usiseme "ninawashwa kidogo". Sema namba: sifuri hakuna, kumi hauvumiliki. Namba daktari anaiandika kwenye faili.

Mzee wa Mizizi:
Mnazunguka mno. Chemsha mwarobaini, oga, na unywe glasi moja asubuhi na moja jioni. Damu inasafishika, figo zinaamka.

Nesi wa Zamu:
Mzee wangu shikamoo. Kuoga sikatai. Kunywa ndiyo nakataa. Mtu ambaye figo hazichuji, kila unachomnywesha kinabaki mwilini mpaka siku ya mashine, na maji yenyewe anapimiwa.

Mzee wa Mizizi:
Marahaba. Nyie wa hospitali mmeponya figo ngapi?

Kitumbua Moto:
Na wewe mzee ngapi? Mlete mmoja hapa aandike mwenyewe.

Mzee wa Mizizi:
Wagonjwa wangu hawashindi mitandaoni.

Kijana wa Mabibo:
Mnagombania mwarobaini, sikieni ya kaka yangu mkubwa. Anasafishwa, anawashwa kama mnavyosema. Jirani yetu mzee ana kisukari, miguu inamwaka moto, anatumia gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, za miligramu 300, mara tatu kwa siku. Akamwambia kaka, jaribu hizi, hata mimi zamani nilikuwa najikuna. Kaka akaanza kumeza vilevile, tatu kwa siku. Siku ya kwanza kalala usiku kucha, nyumba nzima tukashangilia.

Baada ya hapo akaanza kuongea kama mlevi. Mikono inarukaruka, kikombe hakishiki. Akaanguka chooni. Mchana mmoja tukamkuta anazungumza na baba, na baba tulishamzika siku nyingi. Shangazi akasema karogwa, mwasho wenyewe ulikuwa uchawi tangu mwanzo. Akaitwa shehe, kisomo usiku kucha. Mama wa jirani naye kaleta mchungaji wake, wakakutana mlangoni. Kaka katikati, amelala anakoroma, ukimwita anafungua jicho moja.

Ni mpwa wetu mmoja aliyeona makasha ya vidonge chini ya godoro akauliza hizi ni za nani. Tukamkimbiza. Daktari akasema dawa hiyo inatoka mwilini kwa njia ya figo, sasa huyu figo hana, imejaa humo ndani. Akawekwa mashine, alipotoka ya pili akaomba chai na chapati. Shangazi mpaka leo anasema ni kisomo.

Dereva wa Usiku:
Shehe na mchungaji walipokutana mlangoni ikawaje??

Kijana wa Mabibo:
Walisalimiana vizuri tu. Wote walikula pilau.

Mtaka Cha Uvunguni:
Kwa hiyo gabapentini ni sumu, asante kwa taarifa.

Kijana wa Mabibo:
Sijasema hivyo! Kaka anaitumia mpaka leo na analala. Ila daktari kampa ya 100, moja tu, baada ya kutoka mashine. Siku isiyo ya mashine hamezi.

Mswahili wa Tudor:
Huku Mombasa mtaalamu wa lishe alinikataza dagaa, maana unakula na mifupa yake, fosforasi tele, yale madini ambayo figo mbovu hazitoi na yakizidi yanachangia mwasho. Nikaacha, mwasho ulipungua. Maharagwe pia nimeacha kabisa.

Kitumbua Moto:
Usile dagaa, usile maharage, usinywe maziwa. Mtu aishi kwa upepo?

Nesi wa Zamu:
Maharage si adui mkubwa hivyo. Fosforasi ya kwenye nafaka na mikunde mwili unachukua kama nusu tu au pungufu. Inayoingia karibu yote ni ile inayowekwa kiwandani: soseji, soda nyeusi, nyama za kopo. Mgonjwa ananyimwa maharage halafu anapewa soda kumpoza. Tena saa nne za mashine zinatoa fosforasi kama miligramu 800, wakati chakula cha siku moja kinaweza kuleta 1,000. Ndiyo maana kuna vidonge vya kuifunga tumboni. Na wanaoomba watolewe mashine kabla ya saa kutimia, mwasho mwingine unatoka hapo.

Mswahili wa Tudor:
Mimi nimeambiwa maharagwe hapana. Nitamsikiliza wangu.

Shangazi wa Reading:
Huku Uingereza kuna sindano ya mwasho huu wa figo, difelikefalini, wanaipitishia kwenye mpira mwisho wa mashine. Marekani waliipitisha 2021, huku NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ikaikubali 2023. Mimi imenisaidia, ila mwenzangu wa kiti cha pili haikumfanya kitu. Msiiuzie nyumba.

Mgogo wa Area C:
Mimi dada yangu alinipa figo, nikapandikizwa hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, walianza huduma hiyo 2018. Mwasho ulikwisha hata kabla sijazoea kunywa maji bila kupima. Siwaringishii, nasema tu kwamba unakwisha.

Mama Mkwe Mtarajiwa:
Maji ya moto sana ndiyo dawa, mwage mgongoni mpaka ngozi isisikie.

Fundi Cherehani:
Usifanye hivyo! Dakika kumi za raha, usiku mzima wa moto. Maji ya uvuguvugu, dodoki weka pembeni, sabuni isiyo na manukato, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mimi natumia ya nazi.

Kitumbua Moto:
Nazi ilimzidishia mama. Alipaka gliserini.

Dereva wa Usiku:
Na Piriton?

Nesi wa Zamu:
Inakulaza zaidi kuliko kuondoa mwasho. Huu wa figo kwa sehemu kubwa si wa aleji. Na msibebeshe figo kila kitu. Upele wa kweli upo, ini nalo linawasha. Kama na watu wa nyumbani wanajikuna, mrudi kupimwa.

Baba Watatu:
Wakuu nimesoma yote. Nimemwamsha, yaani alikuwa macho, nikamsomea ya Fundi na ya shehe, amecheka mpaka akakaa kitandani. Kesho ni mashine. Namba yake anasema ni tisa, mimi nilidhani sita. Nesi, swali moja. Hivyo vidonge vya kufunga fosforasi anavyo, anameza asubuhi na vya presha kabla ya kula. Ni sawa?

Nesi wa Zamu:
Hapana baba. Vinamezwa na chakula, katikati ya kula, kila mlo wa maana. Tumboni kukiwa kutupu havina cha kufunga. Kesho waulize hilo pamoja na majibu ya damu ya fosforasi na ya PTH, homoni ya zile tezi ndogo za shingoni.

Mzee wa Mizizi:
Nesi, na mwarobaini wa kuoga je? Hukukataa.

Nesi wa Zamu:
Aoge mzee. Ukimkausha ngozi, aache.