Trasi rodi ya besi haikazi, alenki inazunguka bure (Kigoma)

Besi_Ujiji
Wakuu, habari za kazi. Nina gitaa la besi la kwaya, nyuzi nne, mtindo wa Precision (modeli ya Fender) uliotengenezwa Asia, shingo imefungwa kwa skrubu nne. Shingo imepinda mbele. Nikibana uzi wa E kwenye freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) ya 1 na ya mwisho, uwazi juu ya freti ya 8 ni mm 1.3. Kwenye freti ya 12 uzi umepanda hadi mm 4, waimbaji wanalalamika kwamba noti za juu haziko sawa. Tundu la kukazia trasi rodi (chuma kilicho ndani ya shingo, cha kuinyoosha) liko upande wa kichwa. Alenki (ufunguo wa pembe sita) ya mm 4 inaingia vizuri lakini inazunguka bure, nati yenyewe haijasogea. Nyuzi ni 45–105 (unene kwa elfu za inchi). Seremala mmoja hapa Ujiji anataka tubandue ubao wa freti tutoe chuma chote. Ndiyo njia? Nina drili, klampu, alenki za mm na za inchi, na pasi.

Mninga_Tabora
Mwambie seremala aweke patasi chini kwanza. Kwa maelezo yako chuma hakijaguswa bado, kilicholika ni pembe za tundu la nati. Watu wanachanganya matatizo matatu hapa. Alenki ikizunguka na nati ikabaki pale pale, tundu limelika. Nati ikizunguka pamoja na alenki lakini hakuna ugumu wowote na shingo haibadiliki, njia (meno ya skrubu) za nati zimekufa au chuma kimekatika. Nati ikikaza mpaka ikagoma na shingo bado imepinda, njia zimeishia. Hapo washa moja au mbili chini ya nati zinatosha. Kubandua ubao kunahusu chuma kilichokatika tu.

Legeza nyuzi zote. Seti ya 45–105 inavuta shingo kwa kiasi cha kilo 75, na mvuto huo unaongeza mzigo kwenye nati. Kisha fungua shingo kutoka kwenye bodi. Safisha tundu kwa sindano, maana vumbi la mbao na vanisi hujaa chini na alenki haifiki mwisho. Wakati mwingine tatizo lote ni hilo. Mafuta ya kulegeza kutu weka tone moja kwa ncha ya sindano. Usipulizie, yakiingia kwenye mbao hakuna gundi wala vanisi itakayoshika tena.

Sasa tafuta biti ya nyota T25. Ncha zake zina kama mm 4.5, kwa hiyo inauma ndani ya tundu la mm 4 lililolika. Saga mwisho wake uwe bapa, igonge kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi, kisigino cha shingo kikiwa kimeegemea ubao. Ukipiga kama unapigilia msumari, chuma kinaweza kusukuma mshikizo wake upande wa pili.

Kabla ya kuzungusha, ondolea nati kazi. Chukua ubao mnyoofu, mninga au mkurungu wa sm 70 hivi, ulaze upande wa freti. Weka vipande vya mm 6 kwenye freti ya 1 na ya mwisho, halafu klampu katikati, karibu na freti ya 8, ivute mgongo wa shingo kuelekea ubao hadi shingo inyooke na kupinda nyuma kidogo. Anza kwa kulegeza, robo mzunguko kinyume cha saa. Anayeanza kwa kukaza nati yenye kutu ndiye anayekata chuma.

Fundi_Leji
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Niongeze tu: nati ikilegea, endelea kulegeza uone. Ikitoka yote, trasi rodi yako ni ya upande mmoja na nati mpya inatosha. Ikilegea halafu ikaanza kukaza tena na shingo inazidi kupinda mbele, ni ya pande mbili, na nati hiyo kwa kawaida imeunganishwa na chuma, usiilazimishe kutoka.

Ikitoka, pima njia za chuma kabla hujanunua chochote. Fender na Gibson (kampuni za magitaa za Marekani) wanatumia 10-32, kipimo cha skrubu cha inchi, kipenyo hakizidi mm 4.83. Za Asia nyingi ni M5 au M6, skrubu za mm 5 au 6. Nafasi ya jino la 10-32 ni mm 0.79 na ya M5 ni 0.8, ndiyo maana nati ya M5 inaingia kwenye 10-32 kama vile imeumbwa nayo. Inaingia ikiwa imelegea, ukikaza inakata meno. Jicho halitofautishi, tumia venia (kifaa cha kupimia kipenyo).

Besi_Ujiji
Asanteni. T25 imeuma, nati imetoka yote. Chuma kizima, venia inasoma 4.9. Tundu la kichwani lina mm 9. Nati ya aina hii Kigoma sijaiona dukani.

Fundi_Leji
4.9 ni M5, 10-32 haifiki hapo. Usisubiri mzigo kutoka Dar. Tafuta skrubu isiyo na kichwa ya M8, ndefu mm 20, zile zinazobana puli kwenye shafti ya mashine ya kusaga. Tundu lake la alenki ni mm 4 hiyo hiyo. Ni chuma kigumu, kwa hiyo ichome mpaka iwe nyekundu na uizike kwenye jivu ipoe polepole, la sivyo itavunja drili na tepu (kifaa cha kukatia njia) yako. Toboa upande usio na tundu kwa mm 4.2, kina mm 13, ukate njia za M5. Fundi wa leji (mashine ya kukereza chuma) akukwangulie njia za nje hadi mm 7.5 na kusawazisha uso. Weka washa ya chuma kati ya nati na mbao, grisi kidogo kwenye meno.

Mninga_Tabora
Unapoirudisha, tumia tena ule ubao na klampu, kaza nati mpaka iguse, toa klampu, funga shingo, vuta nyuzi hadi E A D G. Baada ya hapo ni robo mzunguko kwa wakati, ukitune upya kabla ya kila kipimo, maana shingo ikinyooka tuni inabadilika. Lengo ni mm 0.35 kwenye freti ya 8. Fila geji (vibapa vya kupimia uwazi) ya fundi pikipiki inatosha. Kama haipo, uzi namba 13 wa gitaa la kawaida una mm 0.33. Ukifika 0.5 acha ilale usiku mzima, mbao bado inasogea. Kimo cha nyuzi na urefu kwenye daraja rekebisha mwisho kabisa, na ukifika Juni hewa ikikauka pima tena.