Kumbukumbu ya pamoja kwenye klasta: kwa nini kompyuta zikiongezeka kazi inachelewa?

mwanaklasta:
Wakuu, salaam. Tuna kompyuta nane zilizounganishwa kwa Etheneti, na juu yake tumeweka mfumo wa kumbukumbu ya pamoja, ili programu iandikwe kana kwamba kumbukumbu zote ni moja. Jedwali letu lina namba 100 katika kila mstari, na mistari tumeigawa kwa zamu: wa kwanza kwa kompyuta ya kwanza, wa pili kwa ya pili, na kuendelea. Kila tukiongeza kompyuta kazi inazidi kuchelewa, ingawa hakuna inayogusa mstari wa mwenzake na mtandao haujajaa. Tatizo ni nini?

Bitizote:
Mfumo wenu hauijui mistari, unajua kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu vya ukubwa mmoja ambavyo huhamishwa vikiwa vizima. Ukurasa wa kawaida una baiti 4,096, na mstari wenu, ikiwa kila namba ni ya baiti nane, una baiti 800, kwa hiyo ukurasa mmoja unabeba mistari ya kompyuta tano au zaidi. Katika mifumo ya mwanzo kama IVY, aliyoitengeneza Kai Li katika Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1980, ukurasa huwa na mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, na kabla hajaandika ni lazima nakala za wengine zibatilishwe. Ukurasa wenu unashinda njiani. Mtandao haujajaa kwa sababu gharama haitokani na wingi wa data bali na idadi ya safari, ambazo kila moja ina muda wake wa kungoja hata ikibeba baiti nane. Gaweni mistari kwa mafungu yanayofuatana, na kila fungu lianzie mwanzo wa ukurasa.

Mzee wa Itifaki:
Ni sahihi, ila si kila jedwali hugawanyika vizuri hivyo. Munin na baadaye TreadMarks, zote za Chuo Kikuu cha Rice, ziliruhusu waandishi wengi katika ukurasa mmoja: kompyuta huweka nakala pacha kabla ya kuandika, kisha huilinganisha na ukurasa uliobadilika na kutuma tofauti peke yake. TreadMarks iliongeza uvivu wenye manufaa, maana kufuli (kibali cha kugusa data ya pamoja, kinachoshikwa na kompyuta moja kwa wakati mmoja) likiachiwa, mabadiliko hayatangazwi kwa wote, bali anayelichukua baadaye ndiye anayearifiwa ni kurasa zipi zimepitwa na wakati, na tofauti zenyewe huziomba atakapozigusa.

Bitizote:
Nakubali, lakini ukurasa ukiwa na waandishi watano, msomaji huenda akalazimika kuwaomba wote watano. Mimi napendelea kila ukurasa uwe na kompyuta mwenyeji: waandishi hupeleka tofauti kwake, na msomaji huchukua ukurasa mzima kwa safari moja.

mwanaklasta:
Je, tukinunua InfiniBand, ule mtandao wa kasi zaidi?

Mzee wa Itifaki:
Itasaidia, hasa kwa RDMA, inayosoma kumbukumbu ya kompyuta nyingine bila kukatiza kichakataji chake, na safari ikashuka hadi mikrosekunde chache. Hata hivyo kumbukumbu ya ndani hujibu kwa takriban nanosekunde 100, hivyo badilisheni kwanza mgawanyo wa mistari, mpime, ndipo mzungumze na mhasibu.