Nataka kwenda kufundisha Kiingereza Thailand na sijawahi kuajiriwa popote. Nianzie wapi?

Tausi_wa_Kilosa

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni binti wa miaka 25, kwetu ni Kilosa. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2023, masomo yangu ni Kiingereza na Historia. Tangu hapo nasubiri ajira. Kwa sasa najitolea sekondari ya kata hapa jirani, napewa elfu themanini kwa mwezi ya nauli na sabuni. Jioni nafundisha tuisheni watoto wa darasa la sita na la saba barazani kwa bibi. Kabla ya chuo, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, nilifundisha tempo miezi mitano kwenye shule moja ya msingi Morogoro mjini.

Rafiki niliyesoma naye alinitumia tangazo la shule za Thailand zinazotafuta walimu wa Kiingereza, mshahara baht 30,000 (baht ni pesa ya huko). Nikasoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye sifa: uzoefu wa miaka miwili, na chini yake, Kiingereza kiwe lugha mama. Nikaweka simu chini. Usiku nikaichukua tena nikasoma upya, maana moyo haukutulia.

Kuna ajenti wa Dar amenipigia. Anasema shule ipo, ila nimpe kwanza milioni moja na nusu, niondoke kwa viza ya kitalii, na mambo mengine yatakamilika hukohuko. Baba amesema yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Sijampa jibu baba wala huyo ajenti. Naomba aliyepita njia hii aniambie ukweli, hata kama ni mchungu. Mtu asiye na uzoefu anaanzaje?

Mwalimu_wa_Kisumu

Dada Tausi, pole kwa kusubiri. Mimi ni Mkenya, na nilianzia Kigali nikiwa sijafundisha popote isipokuwa mazoezi ya chuo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, wakati walimu wengi waliokuwepo walikuwa wamesomea Kifaransa. Shule za binafsi zikawageukia walimu wa Kenya na Uganda. Hata serikali yao mwaka 2022 ilichukua walimu 154 kutoka Zimbabwe.

Mwaka wao wa masomo huanza Septemba, kwa hiyo mimi nilifika katikati ya Julai. Nilishuka kwenye basi, nikakodi chumba Kimironko, nikawa natembea shule hadi shule na bahasha mkononi. Siku ya nne mkuu mmoja wa shule akaniambia niingie darasani hapohapo, akakaa nyuma kunisikiliza. Nikaajiriwa. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini nilikuwa naweza kurudi nyumbani kwa basi mambo yakiharibika, na mama aliweza kulala usingizi. Kutoka kwenu basi linapita Rusumo. Nje si lazima iwe ng'ambo ya bahari, fikiria hilo pia.

Anna_Korat

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza mwambie baba asiuze ng'ombe.

Niko Nakhon Ratchasima, mji ambao wenyewe wanauita Korat, mwaka wa nne sasa. Kwetu ni Kibosho, Moshi. Nilikuja kwa njia hiyohiyo unayouziwa, kwa hiyo najua inaishia wapi. Mama alitoa pesa yake ya kahawa ya misimu miwili, ajenti akala, mimi nikapanda ndege kupitia Addis Ababa na viza ya kitalii kwenye pasipoti. Nilipofika Bangkok shule niliyoahidiwa ilikuwepo kweli, ila haikuwa imewahi kusikia jina langu. Simu ya ajenti ikawa haipatikani. Nilikaa wiki saba kwenye chumba kimoja na dada wawili wa Kameruni, tunapika wali kwenye jiko moja la umeme, kila asubuhi tunatuma barua za maombi.

Shule mbili zilinipenda. Zote ziliuliza una viza gani. Ya kwanza iliposikia ni ya kitalii ikaniaga kwa adabu. Ya pili, ambayo Mungu aibariki, ilinipa barua na nakala za usajili wake, nikapanda basi la usiku kwenda Laos, mji wa Savannakhet, nikaombe viza sahihi kwenye ubalozi mdogo wa Thailand kule. Nilikuwa nimebakiwa na baht 2,300. Wangeninyima viza, nisingekuwa na nauli ya kurudi popote.

Viza hiyo inaitwa Non-Immigrant B, kwa kifupi Non-B. Hiyo ndiyo ya kazi, na unaiomba kabla hujaondoka Tanzania, ukiwa na barua ya shule mkononi. Ubalozi wao uko Nairobi na unatuhudumia na sisi. Ukishaingia nayo, shule inakuombea kibali cha kazi, na Baraza la Walimu la huko linakupa ruhusa ya kufundisha. Kusimama darasani kwa viza ya kitalii ni kosa la jinai, na atakayekamatwa ni wewe, si ajenti. Kwa hiyo swali la kumuuliza yeyote anayekuahidi kazi ni moja tu: barua ya Non-B nitaipata lini? Akianza kuzunguka, kata simu.

Sasa kuhusu uzoefu. Umeandika huna. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nikasikitika, kwa sababu mimi nilijidharau hivyohivyo. Tempo miezi mitano. Kujitolea sekondari. Tuisheni. Mazoezi ya ualimu ya chuo, ambayo mkufunzi alikuja akakaa nyuma ya darasa akakupa alama. Huo ni uzoefu, mdogo wangu. Wapo waliotoka Ulaya wakaja huku na shahada ya biashara na cheti cha mtandaoni, hawajawahi kumfundisha mtoto hata mmoja kusoma neno, na kwenye CV zao wameandika wao ni walimu. Wewe umesomea ualimu wenyewe. Nenda kwa mkuu wa shule unapojitolea, umwombe barua inayotaja tarehe, madarasa, somo na idadi ya wanafunzi. Nenda na kule Morogoro mjini ulikofundisha tempo, hata kama miaka imepita.

Kitakachokubana zaidi ni pasipoti. Korea Kusini hutoa viza ya walimu wa Kiingereza kwa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China nayo huangalia orodha kama hiyo. Usipoteze bando lako kuomba huko. Thailand haijajifunga hivyo, ndiyo maana Wafilipino wamejaa kwenye shule zake, na Wakameruni, na sisi wachache. Tangazo linapoandika lugha mama, mwingine anamaanisha pasipoti na mwingine anamaanisha rangi. Nimewahi kuzungumza na shule kwa simu vizuri kabisa, wakaomba picha, nikatuma, na kabla chai haijapoa nikaambiwa nafasi imejaa. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini miji ya mbali na Bangkok, hasa huku Isan, yaani kaskazini-mashariki mwa nchi, ina uhitaji mkubwa, na kule wanakohitaji mwalimu kweli wanakusikiliza.

Kwa vile hatuhesabiwi wenye lugha mama, watakudai cheti cha mtihani wa Kiingereza. Kiwango nilichoombwa mimi ni TOEIC alama 600. IELTS pia hukubaliwa, na unaweza kuufanya Dar. Vyeti hivi huisha muda baada ya miaka miwili, basi usikimbilie kufanya leo kama utaomba mwakani. Cheti cha TEFL, yaani cha kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, cha saa 120 kinasaidia, ila kwa mwenye shahada ya ualimu nisingekitanguliza. Pasipoti ni laki moja na nusu. Cheti cha polisi kinahitaji alama za vidole. Vyeti vya chuo vigongwe muhuri na wakili, kisha vipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, Thailand inaidai kwa wanaotoka kwetu. Ukijumlisha yote hayo hufikii pesa anayoitaka ajenti.

Muhula wa kwanza huku huanza katikati ya Mei, wa pili mwanzoni mwa Novemba. Omba Februari hadi Aprili, au Septemba na Oktoba. Mimi nilianza kwa baht 24,000, chumba nalipa 3,500, sahani ya chakula sokoni ni 40 au 50. Naweka akiba na namtumia mama. Lakini mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi kumi, na Aprili ile ya likizo sikulipwa hata senti. Soma mkataba mpaka mwisho, uliza miezi ni mingapi.

Kigali anayoisema kaka wa Kisumu ni njia nzuri. Ukiwa na hofu ya mbali, anzia huko. Ila usiende kwa kudhani kwamba bado hujastahili kuitwa mwalimu.

Musyoka_M

Naomba mnisikilize na mimi kidogo, kwa sababu hili limeingia nyumbani kwetu.

Mtoto wa shangazi yangu, wa Machakos, aliahidiwa kufundisha Kiingereza Bangkok. Tiketi alikatiwa bure, na hilo ndilo lililotufanya tuamini. Uwanja wa ndege alipokewa na gari, likaenda magharibi saa nyingi mpaka Mae Sot, mpakani. Usiku wakavushwa mto. Ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. Hakukuwa na shule. Kulikuwa na majengo yenye ukuta na walinzi wenye bunduki, akaketishwa mbele ya kompyuta kuwatapeli watu mtandaoni saa kumi na sita kwa siku. Pasipoti walichukua. Alitoka mwaka 2025, maelfu ya watu walipoachiliwa kutoka kwenye majengo hayo. Amerudi, anaishi na sisi, na mlango ukigongwa usiku anashtuka.

Dada Tausi, kabla ya kupanda ndege tafuta shule kwenye ramani, piga simu ya ofisi ya shule, omba kuongea kwa video na mwalimu mgeni aliyepo pale. Mpe baba yako anwani. Na gari likikuchukua uwanjani, fungua ramani ya simu uone linaelekea wapi.

Tausi_wa_Kilosa

Nimewasomea wazazi yote haya kwa sauti. Mama amelia aliposikia ya mtoto wa shangazi yake Musyoka, nasi tunamwombea. Ajenti nimemuuliza swali la barua ya Non-B kama dada Anna alivyonielekeza. Amesema mimi ni mbishi, na hajapiga tena.

Dada Anna, umesema shule ilikupenda. Walikupima vipi? Kama ni somo la majaribio, nifundishe nini, na nisimame vipi mbele ya watoto ambao hawaelewi Kiswahili wala Kiingereza?

Anna_Korat

Nashukuru Mungu kwa hao ng'ombe.

Somo la majaribio nilipewa dakika ishirini, watoto 46 wa darasa la nne, naibu mkuu amesimama mlangoni. Mimi nilipita sokoni asubuhi nikanunua ndizi, embe, nanasi na nazi. Sikuandika chochote ubaoni dakika kumi za kwanza. Nilishika embe, nikataja, wakataja. Nikalificha nyuma, nikauliza, wakapiga kelele jibu. Kisha nikawaita wawili mbele, mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi. Wakacheza soko, na watoto wa Isan soko wanalijua kuliko mimi. Kosa la wenzangu wengi ni kuingia na sarufi wakaeleza. Huwezi kumweleza mtu asiyeelewa lugha unayoelezea.

Halafu kuna hili ambalo wewe unalo na wengi hawana. Watoto hawa lugha yao haimalizi neno kwa sauti ya s, kwa hiyo neno la nyumba au la mchele kwa Kiingereza hulikata mwishoni. R na L zinawachanganya pia. Mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza anawashangaa. Mimi nakumbuka kidato cha kwanza, siku masomo yote yalipogeuka ghafla kutoka Kiswahili kuwa Kiingereza, mwalimu wa Baiolojia anaongea na mimi natazama mdomo wake tu. Nakumbuka pia tulivyokuwa tunabandika irabu mwishoni mwa kila neno la Kiingereza. Kwa hiyo naibu mkuu aliponiuliza kwa nini wanichukue mimi, nilimwambia kwamba Kiingereza nilikikuta darasani kama watoto wake, najua kinapokwama. Nadhani jibu hilo ndilo lililonipa kazi. Wewe nalo ni lako, lisemee kwa maneno yako.

Jizoeze barazani kwa bibi. Siku moja fundisha tuisheni nzima bila neno hata moja la Kiswahili, mdogo wako akurekodi kwa simu. Dakika tano nzuri za video hiyo utazituma pamoja na maombi. Shule nyingi huku hukuomba kipande kama hicho kabla hata hujahojiwa.

Barua ya mkuu wa shule ikitoka, hakikisha ina muhuri na tarehe. Nipigie picha uniletee kwenye ujumbe wa faragha tuipitie pamoja na CV. Jumapili jioni huwa nimeshafua, nina nafasi.