Tupeane uzoefu: kusi inaisha, umeona nini huko kwako? (Tanga na Bagamoyo)

Mwana wa Sahare
Wadau, wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Mwezi wa tisa unakatika. Huko Ulaya majani yanaanza kupukutika, sisi huku kusi imechoka na jua linarudi. Watu husema pwani hakuna majira, joto tu mwaka mzima. Mimi sikubali. Tazameni mikungu ya Raskazone: majani yanageuka mekundu kabisa kabla ya kuanguka, na watoto wako chini wanagombea kungu. Ufukweni nako wageni wameshafika. Tangu mwezi wa nane vitwitwi, hawa ndege wadogo wa ufukweni, wanaongezeka, na wale wa mwanzo bado wana wekundu kifuani, manyoya ya kuzalia ambayo hawajamaliza kuyavua. Hao wametoka kaskazini ya mbali kabisa, Siberia.

Haya, semeni mlipo na mlichokiona kwa macho yenu. Vya kunakili hatutaki.

Mama Chumvi
Mie niko Bagamoyo, pande za Nunge kwenye mashamba ya chumvi. Vitwitwi tunao tele, na sululu wenye mdomo uliopinda. Ila nimpendaye mimi ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Yeye hatoki Ulaya. Huzaa huko Ghuba ya Uajemi na pwani za Uarabuni, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Akija huku huja na mwanawe. Mtoto kashakuwa mkubwa sawa na mama, na bado anamfuata nyuma akililia kulishwa! Nikimwona nacheka, maana nyumbani ninaye wa aina hiyo, kamaliza chuo.

Bonde Halisi
😂😂 Mama Chumvi umenimaliza.
Sisi wa Amani, huku milima ya Usambara, wageni wetu hawatoki mbali. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikikaza huku juu, baadhi ya ndege wa msituni hushuka misitu ya chini. Joto likirudi wanapanda tena, na asubuhi kelele zinaongezeka.

Nahodha Mstaafu
Ninyi mnatazama wanaokuja. Tazameni na wanaoondoka. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya barafu ya kusini wakati wa kusi, wanakuja kuzaa kwenye maji ya moto. Sasa hivi ndio wanarudi kwao na watoto. Mkondo wa Pemba nimewaona wakiruka, na ukiwa kwenye dau dogo hutamani kusogea. Tangambili ikishika, upepo leo huku kesho kule, basi wamekwisha.

Chumbageni Ughaibuni
Niko Ujerumani. Mbayuwayu walijipanga kwenye nyaya kutwa nzima, asubuhi moja wakawa hawapo. Wapokeeni. Lakini si kila anayeondoka huku anakuja kwetu. Makorongo wa kijivu wanaopita hapa kwa makundi mwezi wa kumi wanaishia Ufaransa na Hispania.

Kijana wa Pongwe
Mimi nasubiri vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi hutoka, na kerengende wanajaa hewani. Hapo ndipo wanapofika kozi wadogo, dume wa kijivu mwenye miguu myekundu. Wanatoka China na Siberia, wanapumzika India, kisha wanavuka bahari moja kwa moja. Na hao kerengende wanaowala njiani nao wanatoka India.

Nahodha Mstaafu
Mdudu avuke bahari? Yakhe, acha fiksi.

Kijana wa Pongwe
Shikamoo nahodha. Si fiksi. Kuna mtaalamu wa bahari, Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives. Visiwa vile karibu havina maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya juu ya ardhi, na kerengende lazima atage kwenye maji baridi. Mbona kila mwezi wa kumi wanatokea kwa wingi namna ile? Akafuatilia tarehe miaka mingi, akaona wanaanzia India na kusogea kusini, halafu huku kwetu wanaonekana baadaye. Aliandika mwaka 2009. Wanapanda juu, wanabebwa na upepo uleule uliokuwa ukileta majahazi, wanakuta madimbwi ya vuli yamejaa, wanataga. Kozi naye anafuata njia hiyohiyo, chakula anacho mbele yake.

Nahodha Mstaafu
Marahaba. Kama ni kwa kaskazi, hapo nakuelewa. Lakini huyo mdudu ana roho ngumu.

Binti Pangani
Darubini sina. Vitwitwi niwaone vipi? Nikisogea tu wanaruka.

Mwana wa Sahare
Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, wametapakaa mbali huko. Nenda yanapojaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa sana. Maji yatawasukuma mpaka karibu na ulipo. Kaa kando ya mikoko, tulia, na mbwa mwache nyumbani. Hawa wanakula ili wapate nguvu baada ya safari, ukiwarusha kila mara unawachosha bure.

Pongwe, mvua ya kwanza ikigusa huko utuambie. Huku mjini huwa tunachelewa.