Nani mnyanyuaji bora wa zama zote? Mimi nasema tumemsahau Mmisri wa 1936

Mtoa mada, Nkuhungu, Dodoma

Habari za jioni wadau.

Jimu yetu hapa Nkuhungu ina ukuta mmoja uliopakwa rangi nyeusi kwa ajili ya kuandikia ratiba. Wiki iliyopita vijana walifuta ratiba, wakaandika kwa chaki wanyanyuaji vitu vizito watano bora katika historia ya Olimpiki. Wa kwanza Lasha Talakhadze wa Georgia, wa pili Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, wa tatu Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti, wa nne Pyrros Dimas wa Ugiriki, wa tano Hossein Rezazadeh wa Irani. Tumebishana siku tatu mpaka mazoezi yakalala. Naileta hoja hapa kwa sababu naona orodha ile ina kosa kubwa, na kosa lenyewe limeanzia kwenye kipimo kabla hata ya kufika kwenye majina.

Nilibeba mizigo miaka sita pale soko la mahindi Kibaigwa. Aliyewahi kufanya kazi ile anajua lumbesa ni nini: gunia limejazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu yake. Tulikuwa tunalipwa kwa gunia. Aliyebeba lumbesa 40 na aliyebeba magunia 40 yaliyopita mizani kwa kilo 100, daftarini wote wameandikwa 40. Sasa aje mtu baada ya miaka 20, afungue daftari lile, aseme hawa wawili walikuwa sawa. Hivyo ndivyo vijana wangu walivyofanya na medali.

Talakhadze ana dhahabu tatu: Rio 2016, Tokyo na Paris 2024. Desemba 2021, kwenye mashindano ya dunia Tashkent, alinyanyua kilo 225 kwa mkupuo mmoja kutoka chini hadi juu ya kichwa, kisha 267 kwa mikupuo miwili, yaani kupandisha mabegani kwanza halafu kusukuma juu. Jumla 492. Hakuna aliyewahi kufika hapo, na sina neno la kumpunguzia. Ila mwili wake unapita kilo 170. Süleymanoğlu alikuwa mtu wa chini ya kilo 60, kimo kama mita 1.47, na Seoul 1988 alinyanyua 152.5 na 190. Hiyo 190 ni zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Nani ana nguvu zaidi kati ya hao wawili? Kwa kilo tupu ni Talakhadze, kwa mwili wa mtu ni Süleymanoğlu, na hapo ndipo tulipokwama siku ya kwanza.

Siku ya pili nilipendekeza tuache kulinganisha watu ambao hawakuwahi kukutana. Tuulize kila mmoja aliwaacha wenzake wa siku zake umbali gani, chini ya kanuni zile zile, jukwaa lile lile. Na ukipima hivyo linatokea jina ambalo halikuwepo ukutani kabisa: Khadr El Touni wa Misri.

Berlin 1936, uzito wa kilo 75. Wakati huo minyanyuo ilikuwa mitatu, kwa sababu kulikuwa pia na ule wa kusukuma kutoka mabegani kwa mikono tu bila kukunja magoti. (Uliondolewa baada ya Munich 1972, maana waamuzi walishindwa kuwadhibiti waliokuwa wakipinda mgongo mpaka wanakaribia kulala.) Chuma hakikuruhusiwa kugusa mapaja kikipanda, jambo ambalo leo kila mtoto wa jimu analifanya. El Touni alisukuma 117.5, akanyanyua 120 kwa mkupuo mmoja na 150 kwa mikupuo miwili. Jumla 387.5. Aliyemfuata, Rudolf Ismayr wa Ujerumani, alipata 352.5. Tofauti ya kilo 35! Kwenye mchezo ambao Atlanta 1996 Süleymanoğlu alimshinda Valerios Leonidis kwa kilo 2.5.

Na kuna jambo lililonikaa moyoni zaidi ya hizo kilo. Aliyeshinda daraja la juu yake, lile la kilo 82.5, ni Louis Hostin wa Ufaransa, kwa jumla ya 372.5. Yaani Mmisri wa kilo 75 angechukua dhahabu mbili siku zile kama wangemruhusu.

Baada ya hapo ikaja vita. Olimpiki ya 1940 haikufanyika, ya 1944 haikufanyika. El Touni alirudi akawa bingwa wa dunia 1946, akarudia 1949 na 1950, kwa hiyo nguvu ilikuwepo muda wote. London 1948 akawa wa nne. Daftari linasema dhahabu moja. Sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa mwisho kulisoma daftari kwa namna hiyo. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch Februari 1974, 3:32.2, akiongoza tangu mwanzo na John Walker akimfukuza nyuma. Miaka miwili baadaye Afrika ikasusia Montreal kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi akiwa hayupo. Nani hapa atathubutu kusema Walker alikuwa bora kwa kuwa ana dhahabu na Bayi ana fedha ya Moscow 1980?

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Makole

Mkuu, umeandika vizuri lakini sikubaliani. Kilo ni kilo. Dunia inavuta chini kwa nguvu ile ile leo na 1936. Umbali na wenzako unategemea wenzako ni akina nani. Umoja wa Kisovieti ulianza Olimpiki 1952. China ya leo inayovuna dhahabu za mchezo huu haikupata medali hata moja Berlin. Ukishindana na nchi chache, pengo la kilo 35 halinishangazi. Mlete El Touni ashindane na vijana waliochujwa kutoka mamilioni ya watoto tangu shule ya msingi, halafu tuone pengo.

Mtoa mada

Hoja nzito hiyo, na sehemu yake naikubali. Uwanja wa 1936 ulikuwa mdogo.

Lakini Ismayr hakuwa mtu wa kuokotwa. Ndiye aliyekuwa bingwa wa Los Angeles 1932, alikuwa kwao Ujerumani, na ndiye aliyekula kiapo cha wanamichezo wote siku ya ufunguzi. Huyo ndiye aliyeachwa kilo 35. Na uwanja kuwa mdogo hakuondoi kwamba daraja la juu yake lote hakuna aliyemfikia.

Tukigeukia kilo ni kilo, basi tufute kila mtu wa zamani. Alekseyev alivunja rekodi za dunia 80 kati ya 1970 na 1977, na ndiye wa kwanza kuvuka jumla ya 600 kwa minyanyuo mitatu. Montreal 1976 alinyanyua 255 kwa mikupuo miwili. Talakhadze alinyanyua 255 hiyo hiyo Paris, akiwa na chakula, madaktari na vifaa vya karne hii. Kwa kipimo chako Alekseyev hana nafasi kabisa. Kweli mkuu?

Mchangiaji, Singida mjini

Mnapoteza muda, jibu lipo. Kuna fomula ya Sinclair. Unaweka uzito wa mtu na jumla yake, inakuambia angenyanyua ngapi kama angekuwa na mwili mkubwa kama wale wa daraja la juu. Mashindano yanaitumia kumtafuta bora wa siku bila kujali daraja. Chukueni kikokotoo.

Mtoa mada

Kikokotoo tumekichukua, ndugu yangu, ndiyo ilikuwa kazi ya siku ya tatu. Shida ni kwamba namba za ndani ya fomula hiyo hutengenezwa upya kila mzunguko wa Olimpiki, kutokana na rekodi za dunia za wakati huo. Ni mizani nzuri kwa watu wa siku moja. Ukimpima mtu wa 1936 kwa namba za leo, unampima kwa jiwe lililochongwa na wajukuu zake. Halafu minyanyuo mitatu unaiwekaje kwenye fomula ya minyanyuo miwili?

Mchangiaji, Mpwapwa

Wanangu, hamjambo. Nimefuata mchezo huu tangu enzi za redio, na nashangaa mmeandika yote haya bila neno dawa.

Vipimo vya steroidi, yaani dawa za kujenga misuli, kwenye Olimpiki vilianza Montreal 1976. Kabla ya hapo hakuna aliyetafuta. Baada ya hapo waliotafuta walitafuta siku ya mashindano tu kwa miaka mingi. Seoul 1988 Bulgaria ilifunga virago katikati ya michezo baada ya washindi wake wawili wa dhahabu kukutwa na dawa. Hata huyo Talakhadze alikutwa na steroidi 2013 akafungiwa miaka miwili kabla ya dhahabu zake zote. Alitumikia adhabu, akarudi, sitamhukumu mara mbili. Lakini orodha yenu ya ukutani haina safu ya jambo hilo.

Halafu kuna sifa moja ya Süleymanoğlu ambayo kila mtu huirudia: kwamba jumla yake ya 342.5 pale Seoul ilipita ya bingwa wa daraja la juu yake, kilo 67.5. Angalieni vizuri. Bingwa anayeandikwa leo ni Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki mwenye 340. Siku yenyewe jukwaani aliyeshinda ni Angel Guenchev wa Bulgaria kwa 362.5, akanyang'anywa kwa dawa. Sifa ile imesimama juu ya jina lililofutwa. Ya El Touni na Hostin haimtegemei mtu aliyefutwa.

Mtoa mada

Shikamoo mzee wangu. Hili la Guenchev sikuwa nimelipima hivyo, na mimi mwenyewe niliitumia sifa ile siku ya kwanza kumtetea Naim. Naifuta.

Hata hivyo sitaki Naim aanguke kwa kosa la mwingine. Katika daraja lake, wa pili alikuwa Stefan Topurov kwa 312.5. Ni pengo la kilo 30, karibu asilimia 10, linalokaribiana sana na lile la El Touni kwa Ismayr. Na yeye pia alinyimwa Olimpiki: alivunja rekodi ya dunia akiwa na miaka 15, Bulgaria ikasusia Los Angeles 1984. Wakamlazimisha kubadili jina la Kituruki alilopewa na wazazi, akatoroka Melbourne 1986, na Uturuki ikailipa Bulgaria zaidi ya dola milioni 1 ili aruhusiwe kushindana Seoul. Kunyanyua 190 ukiwa na hayo yote begani, kwangu ni kitu kingine.

Mchangiaji, Chuo Kikuu, Dodoma

Kaka zangu, mnasema "zama zote" na hakuna mwanamke hata mmoja. Wanaume wameanza mchezo huu Athens 1896. Sisi tumeruhusiwa Sydney 2000. Miaka 104. Hapo mtasema zama zipi?

Kwa kuwa mtoa mada anapenda daftari, namletea daftari. Sydney, daraja la kilo 75: María Isabel Urrutia wa Colombia jumla 245, dhahabu. Ruth Ogbeifo wa Nigeria jumla 245, fedha. Wa tatu naye 245. Walitenganishwa na uzito wa miili yao kwenye mizani, si na chuma. Vijana wenu wakihesabu dhahabu, Ogbeifo ni sifuri.

London 2012, daraja lile lile la 75, wote watatu waliopanda jukwaani siku ile walinyang'anywa miaka baadaye sampuli zilipopimwa upya. Dhahabu ikaenda kwa Lydia Valentín wa Hispania, fedha kwa Abeer Abdelrahman wa Misri, shaba kwa Madias Nzesso wa Kamerun. Waafrika wawili walioondoka ukumbini London mikono mitupu, bila wimbo, bila bendera, bila picha. Mzee wa Mpwapwa amesema safu ya dawa iwekwe. Mimi nasema iwekwe, na majina ya walioibiwa yaandikwe humo.

Mtoa mada

Dada, umenipiga pale nilipostahili. Kesho asubuhi naupaka ukuta upya, na Ogbeifo, Abdelrahman na Nzesso wataandikwa kabla ya ratiba kurudi. Kwa wanaume naanza na El Touni na Naim, mstari mmoja, sitamweka mmoja juu ya mwenzake. Chini yao Talakhadze, kisha Alekseyev. Dimas na Rezazadeh tubishane.

Mchangiaji, Makole

Uliniuliza kuhusu Alekseyev. Namweka chini ya Talakhadze na sioni aibu. Na Bayi ni wa kwanza wangu siku zote, ila kwa sababu alituachia muda: 3:32.2. Saa haikujali nani alisusia. Nipe na ya El Touni tuipime peke yake.

Mtoa mada

387.5, mkuu, bila chuma kugusa paja.