Tupeane uzoefu: sekondari ndogo ya kijijini inapofungwa, kazi inaanzia wapi?

Wakuu, wengi humu mmeisimamia kazi hii. Lawama tuziweke kando, tupeane ya kiutendaji.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayoziua shule hizi. Vidato vinne vya mkondo mmoja, vipindi 40 kwa wiki kila kimoja, jumla 160. Mwalimu akibeba 25, kwenye karatasi walimu saba wanatosha. Lakini fizikia ya vipindi 4 kwa kidato inatoa 16 tu, hivyo mwalimu wake huongezewa hisabati. Akihama huyo mmoja, masomo mawili yamelala. Na wanafunzi wakipungua hadi 60, vipindi vinabaki vilevile 160.

JIBU LA 1
Msifunge katikati ya mwaka, watahiniwa wameshasajiliwa kwenye kituo. Kuacha kupokea kidato cha kwanza ili waliopo wamalize kunasikika kwa huruma, ila siungi mkono. Walimu wakijua shule haina kesho wanaomba uhamisho mapema, darasa la mwisho linabaki na walimu wawili. Heri kuhamisha wote kwa mkupuo mwaka ukiisha.

Kabla ya kumpangia mtoto shule, linganisha masomo. Aliyesoma kilimo miaka miwili akipelekwa pasipo na kilimo, anaanza somo jipya kidato cha tatu. Alama za tathmini endelevu zitoke nakala mbili zenye saini na muhuri, na kila mwanafunzi ahakiki herufi za jina lake mwenyewe. Hapo ndipo watu wanapojikwaa: muhuri ukishakabidhiwa, jina lililokosewa halina wa kulirekebisha.

JIBU LA 2
Naongezea nyaraka. Rejesta ya uandikishaji na vyeti visivyochukuliwa viorodheshwe kwa jina, namba ya mtihani na mwaka. Andikeni wazi ofisi itakayovitunza, kijiji kijulishwe. Masanduku ya bati, juu ya matofali. Makasha ya karatasi sakafuni ni chakula cha mchwa.

JIBU LA 3
Maabara, jamani! Watu hubeba viti na kuacha chupa. Asidi nitriki isipakiwe pamoja na spiriti, na asidi isikae kasha moja na besi. Sodiamu ibaki ndani ya mafuta yake; mafuta yakiwa yamekauka, msiiguse, aitwe mtaalamu. Chupa isiyo na lebo ihesabiwe kuwa ya hatari, isinuswe wala kumwagwa kwenye sinki. Vipimajoto vya zebaki vifungwe kimoja kimoja.

JIBU LA 4
Usafiri: msipime umbali kwenye ramani. Pimeni muda, saa ileile ya asubuhi, msimu wa mvua. Kilomita 12 kwa miguu ni karibu saa tatu kwenda tu. Pasipo gari wala bweni hapo hamjahamisha, mmefukuza.

JIBU LA 5
Someni hati ya ardhi kabla ya kutangaza lolote. Kama kiwanja kilitolewa kwa sharti la kujenga shule, matumizi mengine yanaweza kuzaa kesi.

Jengo nalo lisiachwe tupu. Mifereji ya paa ikiziba majani, maji yanarudi ndani, dari inaoza, mbao zinafuata. Umeme ukatwe kwenye mita, matangi yamwagwe, na shimo la choo lifunikwe kwa zege. Mfuniko wa mbao utaoza, na watoto wataendelea kuchezea hapo.